Evaristi Mwenye Macho ya Paka

Ukifika Kamuli ukaulizia kwa Evaristi Mujuni, huenda kwanza nawe ukaulizwa: "Evaristi yupi? Njangu?" Njangu ndiye paka katika lugha ya nyumbani, na mwenyewe akiitwa hivyo njiani hageuki kwa hasira. Hugeuka polepole, kifua mbele, kama mwenyekiti aliyeitwa kwa cheo chake. Lakini haikuwa hivyo siku zote. Mtu huyu aliishi miaka mingi akiwa na jambo ambalo hakumwambia yeyote, na lililomfungua mdomo ni paka.

Alizaliwa hapo hapo Kamuli, katika kibanja cha migomba na mibuni. Baba yake alikuwa mkulima wa kahawa aliyeheshimika, mtu wa kigango, mkali kwa kazi. Mama yake, Yudesi, alitoka kwa wafugaji wa Mabira, akaolewa kwa wakulima na kulizoea jembe. Msimu wa kahawa ukifika, kila mtoto wa nyumba ile alipewa kikapu chake na neno moja kutoka kwa baba: "Chumeni nyekundu tu. Mbichi ziacheni mtini."

Ndugu zake waliingia mibunini kama kuku waliomwagiwa mtama. Mikono ilikwenda huku na huku, vikapu vikajaa. Evaristi alisimama mbele ya tawi akatazama. Buni alikuwa anaziona zote, moja moja, wala macho yake hayakuwa na ukungu. Ila hakuona huo wekundu. Buni na majani vilikuwa vya ukoo mmoja, hizi zimekoza kidogo, zile zimepauka kidogo, basi. Akadhani wenzake wana ujanja fulani ambao yeye hajafundishwa, akaona aibu kuuliza jambo ambalo hata wadogo zake walilijua. Akachuma kwa kubahatisha.

Kikapu chake kilipomwagwa mkekani, mbichi zilikuwa nyingi kuliko mbivu.

"Mtoto huyu ananikomoa," baba yake akasema, akachukua fimbo.

Msimu uliofuata ikawa vile vile. Wa baada yake Evaristi akagundua njia: buni iliyoiva ni laini, ukiibana kwa vidole inateleza ndani ya ganda lake. Basi akawa anabana moja baada ya nyingine. Hakuchuma mbichi tena, lakini wenzake walipomaliza mti wa tatu yeye alikuwa bado kwenye wa kwanza. Jina likabadilika tu: aliyeitwa mkaidi sasa akaitwa mvivu. Yudesi alimtetea alivyoweza. Mtoto alipomaliza darasa la saba akamfungia nguo zake katika kanga, akampeleka kwa kaka yake huko Mabira.

Mjomba Muhangi alikuwa mtu mrefu, mkavu, mwenye ng'ombe wengi na maneno machache. Alimsikiliza dada yake akilalamika kuhusu fimbo na kahawa, kisha akasema: "Mwache hapa." 

Kazi ya kuchunga ilimkaa Evaristi kama shati lililoshonwa kwa kipimo chake. Wachungaji wengine waliwaita ng'ombe kwa rangi zao, bihogo akiwa ndiye mwekundu, na wengine kadhalika, na majina hayo yalimchanganya. Mjomba hakuwa na desturi hiyo. Yeye alisema, "Nirudishie yule mwenye pembe zinazotazama chini," au, "Yule anayetembea kama ana mawazo yuko wapi?" Maneno kama hayo Evaristi aliyaelewa mara moja. Kabla mwaka haujaisha alimjua kila ng'ombe kwa pembe, kwa nundu, kwa namna anavyotikisa mkia.

Ndipo likatokea jambo la ndama. Mvua zilikuwa zimeanza, vichaka vimechipua, na majani machanga yalikuwa ya kila namna: mengine mekundu, mengine ya kijani, mengine ya njano. Ng'ombe mmoja alirudi jioni tumbo limeshuka na kiwele kimejaa, ndama hayupo. Amezalia porini na kumficha mtoto, kama ng'ombe wafanyavyo. Fisi walikuwapo sehemu zile, na jua lilikuwa linaelekea kuzama. Mjomba akatoa watu wote. Wakatembea wakiwa wametawanyika, wakipiga vichaka kwa fimbo, wakirudi pale pale walipokwisha kupita.

Evaristi akasimama. "Yule pale," akasema.

"Wapi?" akauliza Habumugisha, mkubwa wa wachungaji.

"Pale chini ya kichaka. Amekunja shingo, amelaza masikio."

Habumugisha alifuata kidole cha kijana, akaona majani. Akakodoa macho, akaona majani. "Wewe unaota. Twendeni kule bondeni."

Evaristi hakubishana. Aliingia kichakani mpaka kiunoni, akainama, akatoka na ndama mabegani, miguu myembamba ikining'inia pande zote mbili za shingo yake. Wenzake wakabaki midomo wazi, maana mahali hapo walikuwa wamepita, na zaidi ya mara moja. Wao waliona madoa mekundu na ya kijani yaliyochanganyika, na ndama mwekundu akapotelea humo. Yeye aliona kichaka cha rangi moja, na ndani yake umbo la ndama, wazi kama jiwe juu ya mkeka. Lakini hakujua kwamba tofauti ilikuwa hiyo. Alidhani wenzake hawakutazama vizuri.

"Huyu si mtu!" akapiga kelele Habumugisha. "Huyu ni njangu!"

Jioni ile mjomba aliagiza kijana apewe maziwa kabla ya watu wazima. Hakumsifu kwa mdomo, lakini boma zima lilielewa. Toka hapo ng'ombe akipotea, hata watu wa kijiji jirani cha Kimuli walikuwa wakituma ujumbe: tuazimeni Njangu wenu. Evaristi alikwenda na fimbo yake begani, akasimama juu ya kichuguu, akatazama. Mara nyingi alipata.

Baba yake alipofariki, ilimbidi arudi Kamuli kushika kibanja, kwa kuwa kaka zake walikuwa wamekwenda kutafuta maisha kwingine. Mjomba Muhangi alimpa mitamba wawili, akamsindikiza hadi njia panda. Evaristi akaoa. Mke wake, Joviness, alikuwa binti mchangamfu wa jirani, mwenye kicheko cha kusikika hadi barabarani. Mwaka wa kwanza wa ndoa alimwambia mumewe, "Nataka kitenge cha kijani cha kuvaa Pasaka." Evaristi akaenda gulioni, akachagua kwa uangalifu, akaleta kitenge chekundu kabisa. Joviness alikikunjua, akamtazama mumewe usoni, akaona furaha ya mtu anayengoja kushukuriwa. Akashukuru. Siku ya Pasaka akakivaa, akakaa benchi la mbele.

Lakini kahawa ilikuwa imerudi kumsubiri Evaristi. Katika Kamuli, mwanamume mwenye mji wake hawezi kusema hajui kama buni imeiva. Ni kama kusema hajui njia ya kwenda kisimani kwake. Basi akawa fundi wa kukwepa. Alipalilia, akapogoa, akabeba magunia, lakini siku za kuchuma mgongo ulimuuma, au ng'ombe alikuwa anaumwa, au palikuwa na msiba wa mbali usioweza kukosa mtu wa nyumba hiyo. Majirani wakasema damu ya mama yake imemzidi, anapenda ng'ombe kuliko shamba. Aliwaacha waseme. Afadhali kuitwa mpenda ng'ombe kuliko kuitwa mvivu tena.

Miaka ikapita hivyo. Watoto wakakua, wakatoka. Nyumbani akabaki kitinda mimba, Kemigisha, mtoto wa maswali. Alipokuwa kidato cha tatu katika sekondari ya kata, mwalimu wa baiolojia alitangaza kuwa shule itafanya maonyesho ya sayansi mbele ya wazazi, na kila mwanafunzi atafute jambo la kuchunguza kwao. Wengine walichagua mbolea, wengine maji. Kemigisha alirudi nyumbani akasema atachunguza kama paka anaona rangi.

"Paka anaona panya," mama yake akasema. "Inatosha."

Paka wa nyumba ile aliitwa Bibi Harusi, kwa mwendo wake wa kuringa. Alilinda ghala la maharage, na kazi yake aliifanya vizuri. Kemigisha akatengeneza mtihani wake. Alichukua mabakuli mawili yanayofanana, akaweka dagaa katika yote mawili ili paka asiongozwe na pua. Lakini bakuli moja alilifunga juu kwa wavu wa waya, dagaa wanukie tu wasilike. Kila bakuli alilifunika kwa kitambaa cha rangi yake, na vitambaa hivyo vilikuwa vya aina nyingi, vilivyokoza na vilivyopauka, kama mwalimu alivyomshauri, ili paka asipate kubagua kwa weusi na weupe tu. Alianza na bluu na kijivu. Bakuli linaloliwa likawa daima chini ya bluu, mara upande huu, mara upande ule. Baada ya siku chache Bibi Harusi alikwenda kwenye bluu bila kuuliza mtu. Alipowekewa njano badala yake, akajifunza nayo vilevile. Ilipofika zamu ya nyekundu na kijani, mambo yakaharibika. Paka alikwenda huku, akarudi kule, akakaa katikati akalamba mguu, kama mgeni aliyepotea njia panda.

Jumamosi moja mchana Kemigisha alimwomba baba yake msaada. Yeye angemshika paka ndani ya nyumba asione, baba apange vitambaa uani. "Taata, chekundu kiwe upande wa jikoni," akasema, "na cha kijani upande wa zizi. Kisha niite."

Evaristi alibaki uani na vitambaa viwili mkononi. Akavitazama. Akavigeuza. Akavipeleka kwenye jua. Kisha akafunika, akaita.

Kemigisha alitoka na paka kifuani, akasimama. "Umevigeuza, taata."

"Ee? Nimesahau ulivyosema." Akavibadilisha.

Wakarudia, kwa vitambaa vingine. Safari hii alipatia, kwa bahati. Wakarudia tena, akakosea. Kemigisha akaweka paka chini.

"Taata, unanitania? Maonyesho ni wiki ijayo."

Evaristi alikuwa mtu mzima mwenye mvi masikioni. Angeweza kumfokea mtoto, na mambo yangeishia hapo. Alifungua mdomo afoke. Lakini alimwona binti yake amesimama na kitambaa mkononi, amekunja uso kwa wasiwasi wa kazi yake, akashindwa kumwongopea juu ya jambo ambalo mtoto alilitafuta kwa bidii namna ile.

"Mwanangu," akasema, "mimi hivi vitambaa sivijui. Kwangu ni kimoja. Tangu utotoni."

Halafu kutoka jikoni ikasikika sauti ya Joviness, bila hata kutoa kichwa nje: "Mimi nilijua tangu kitenge cha Pasaka."

"Kitenge gani?"

"Cha kijani. Kilichokuwa chekundu kama damu ya mbuzi!" Na kicheko chake kikatoka na moshi mlangoni.

"Mbona hukuniambia?"

"Uliniletea kwa furaha. Ningekuambia nini?"

Evaristi akakaa kwenye kigogo. Kemigisha hakucheka. Alipiga magoti mbele ya baba yake, macho yamemtoka, akaanza kueleza haraka haraka jinsi walivyofundishwa. Ndani ya jicho mna chembe ndogo sana zinazopokea rangi, na watu wengi wana aina tatu za chembe hizo. Paka hutegemea zaidi aina mbili. Bluu na njano anaziona, lakini nyekundu na kijani kwake zinafifia na kufanana. Na wako watu, hasa wanaume, ambao macho yao yanafanya vivyo hivyo.

"Si ugonjwa, taata. Wala si uvivu. Umezaliwa hivyo, na mwanamume huipata hali hiyo kwa mama yake, hata kama mama mwenyewe anaona vizuri."

Evaristi aliomba arudie lile neno. Mtoto akadhani ni lile la chembe.

"Hapana. Lile la kwamba si uvivu."

Akarudia. Evaristi aliinuka, akaenda zizini, akakaa huko kitambo, mkono juu ya mgongo wa ng'ombe. Aliporudi macho yake yalikuwa mekundu, ingawa yeye asingeweza kulijua hilo hata kwa kioo.

Siku ya maonyesho walimpakia Bibi Harusi katika tenga lenye kifuniko, wakapanda bodaboda. Paka alilia njia nzima. Darasa lilijaa wazazi, walimu na wageni kutoka kata jirani. Zamu ya Kemigisha ilipofika, aliweka mabakuli yake, akayafunika kwa vitambaa, akafungua tenga. Bibi Harusi alitazama umati ule, akajikunja chini kabisa, akakataa kutoka. Kemigisha akambembeleza. Akamwonyesha dagaa. Akamtoa kwa nguvu, na paka akarudi tengani kama maji yanavyorudi shimoni. Watu wakaanza kunong'ona. Mtu mmoja nyuma akasema, "Sayansi imelala," wenzake wakacheka. Kemigisha alikuwa karibu kulia.

Hapo Evaristi akainuka kutoka kwenye benchi la wazazi, akavua kofia, akatembea hadi mbele.

"Paka amekataa," akasema. "Nipo mimi. Mwalimu, nipime badala yake."

Mwalimu akamtazama Kemigisha. Kemigisha akatikisa kichwa kukubali, machozi yakimtoka sasa waziwazi. Wakamketisha mzazi kwenye kiti. Bluu na njano alizitenga chap chap bila kosa. Zilipokuja nyekundu na kijani, akaweka hiki huku na kile kule, na darasa zima likaona amevichanganya. Kicheko kikapita. Kisha kikakatika, kwa sababu Evaristi mwenyewe hakuona haya. Alikaa wima, mikono juu ya magoti, akisubiri kitambaa kinachofuata.

Mzazi mmoja akauliza kama ina maana paka ana kasoro.

"Kasoro?" Kemigisha akajibu, na sauti ikamrudia. "Paka huwinda jioni na alfajiri, mwanga ukiwa mdogo. Wakati huo sisi na rangi zetu tunajikwaa, yeye anaona. Macho yake ni ya kazi yake. Na taata naye..." Akamgeukia. "Taata, waeleze habari ya ndama."

Evaristi akaeleza. Hakuwa msemaji, lakini wengi walioketi pale walikuwa na ng'ombe, na habari ya ndama aliyefichwa jua likizama haihitaji mapambo. Alipofika pale alipotoka kichakani na mzigo mabegani, mzee mmoja wa Mabira akasimama na kusema kwa nguvu, "Ni kweli! Nilikuwapo kijijini! Kumbe ndiye wewe, Njangu?" Darasa likapiga makofi. Binti alishika mkono wa baba yake, wakasimama wote wawili mbele ya watu.

Walipokuwa wakifunga tenga, dereva wa bodaboda aliyewaleta, kijana aitwaye Placidius, akamsogelea Evaristi pembeni. Akatazama huku na huku. "Shikamoo mzee. Hivyo vitambaa... ninaweza kujaribu na mimi?" Akajaribu. Akakosea kama Evaristi, akabaki ameduwaa, kisha wakaangaliana, wakaangua kicheko hadi wakashikana mabega.

Wiki iliyofuata Evaristi alikwenda Mabira na Kemigisha na vitambaa. Mjomba Muhangi alikuwa amezeeka sana, anatembea kwa mkongojo, ila kichwa kizima. Walimwamkia, wakakaa, Kemigisha akaomba ruhusa, akatandika vitambaa mbele yake. Mzee hakuvigusa.

"Viondoe," akasema. "Mimi hivyo vilinishinda kabla baba yako hajazaliwa."

Evaristi akamsogelea. "Mjomba, ulijua tangu nilipoletwa?"

"Mama yako alikuja analia, eti mtoto hajui kuchuma kahawa nyekundu. Nikajua huyu ni wangu." Akamgeukia Kemigisha. "Na wewe umekwenda shule ukapata jina lake? Lina jina?"

"Lina maelezo, babu. Ni marefu."

"Basi kaa unieleze. Sina haraka." Akamsikiliza mpaka maziwa yakaletwa, akiuliza hapa na pale. Kemigisha alipomaliza, mzee alimwita mwanawe aje asikie, naye Kemigisha akaanza upya.

Siku hizi Kemigisha yuko kidato cha tano, masomo ya sayansi. Baba yake humtaja bila kuulizwa. Na msimu wa kahawa ukifika, mgongo wa Evaristi hauumi tena. Huingia mibunini na kikapu, akasimama bega kwa bega na Joviness, na akiwa na shaka hubana buni kwa vidole, au hupaza sauti kwa yeyote anayepita barabarani: "Ewe bwana! Njoo unitazamie tawi hili, limeiva?" Anayepita hukatiza, hutazama, hujibu. Evaristi hushukuru na kuendelea kuchuma.